Hema Mbali na Kijito

Marekani ina misitu ya taifa 154, yenye jumla ya takriban hekta milioni 76, na katika sehemu kubwa ya misitu hiyo mtu yeyote anaruhusiwa kupiga hema bila kulipa hata senti moja. Hapana choo, bomba wala pipa la taka, na mara nyingi hata kibali hakihitajiki. Kikomo ni siku za kukaa, ambazo kwa kawaida hazizidi 14. Huu ni utaratibu wa haki. Msitu ni mali ya umma, na mwenye kipato kidogo anaufaidi sawasawa na tajiri. Ila pale ada inapoondoka, kazi iliyokuwa ikilipiwa haiondoki nayo. Inamwangukia mgeni mwenyewe, na huwa nzito kuliko kwingine kote ukingoni mwa kijito, ambako ndiko kila mtu anakotaka kulala.

Ndiyo maana mwongozo unaofuatwa sana huko unamtaka mtu akae umbali wa mita 60 hivi kutoka kwenye maji. Wengi huuona umbali huo kama kunyimwa raha ya kijito, lakini sababu zake zinaonekana kwa macho. Udongo wa ukingoni ni laini. Ukikanyagwa wiki baada ya wiki nyasi hufa, mvua huubeba, na tope hufunika changarawe ambamo samaki aina ya trauti hutaga mayai. Haja kubwa nayo huzikwa katika kishimo cha sentimita 15 hadi 20, palepale penye vijidudu vya udongo vinavyoiozesha. Ikiachwa karibu na maji, mvua huisukumia kijitoni pamoja na vimelea vya giardia, ambavyo huweza kuishi kwa wiki kadhaa katika maji baridi na kumharisha anayechota huko chini. Hata sabuni inayosifiwa kuwa haidhuru mazingira huhitaji udongo ili ioze.

Wapo wanaosema wanyama nao hujisaidia humohumo. Ni kweli, na ndiyo sababu maji hayo huchemshwa kabla ya kunywewa. Lakini paa hawarudi kila Jumamosi kwenye kiwanja kilekile. Wengine wanaona dawa ni kutoza ada tu. Ada hununua choo na mtu wa kuzoa taka, jambo jema, ila haiondoi hatari ya kulala ukingoni. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Juni 2010, mto Little Missouri huko Arkansas ulipanda zaidi ya mita 6 kwa saa chache na kuua watu 20 katika eneo rasmi la kambi la Albert Pike. Aliyelala juu, mbali na maji, huwa amejikinga na mafuriko huku akikilinda kijito. Na eneo la bure likichakazwa, wasimamizi hulifunga. Mwenye fedha huhamia kambi ya kulipia, na asiyekuwa nazo hubaki nyumbani.