Mpaka wa Holili Umefunguka. Je, Upare Umejiandaa?

Tangawizi ya Mamba Miamba, upande wa mashariki wa Milima ya Upare Kusini, iko karibu zaidi na Kenya kuliko na Dar es Salaam. Lori likishatoka Same mjini, hupita Mwanga na Himo, likafika Holili. Ng'ambo ya pili ni Taveta. Kwa sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki, zao lililolimwa Tanzania halidaiwi ushuru wa forodha linapoingia Kenya. Soko la jirani, basi, limekwisha kufunguliwa. Tunalopaswa kujiuliza ni kwa nini mkulima wa milimani bado anapata sehemu ndogo mno ya bei inayolipwa huko.

Tutazame kwanza jinsi soko hilo lilivyojengwa. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005, Soko la Pamoja likafuata Julai 2010. Umoja wa Forodha una nguzo mbili: wanachama hawatozani ushuru wao kwa wao, na bidhaa za kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja.

Tangu Jacob Viner alipolichambua suala hili mwaka 1950, wachumi hutenganisha matokeo mawili ya mpango wa aina hii. Huenda mnunuzi akaacha bidhaa ghali ya kwao na kuchukua ya jirani iliyo nafuu. Hapo mnunuzi na jirani wote wananufaika. Lakini pia huenda akaacha bidhaa nafuu ya nchi ya mbali, kwa kuwa imebanwa na ushuru, akanunua ya jirani iliyo ghali zaidi. Hapo jirani amepata soko, na mlaji ndiye aliyegharamia. Nchi zinazoendelea hukubali gharama hiyo kwa matumaini kwamba viwanda vyao vichanga vitapata nafasi ya kukua. Mvutano huzuka pale inapoulizwa: vitakua upande gani wa mpaka?

Swali hilo liliitesa sana Jumuiya ya kwanza. Viwanda vilikimbilia Kenya, hasa Nairobi, kwa sababu ndiko kulikokuwa na benki, mafundi na miundombinu iliyotangulia. Mkataba wa 1967 ulijaribu kusawazisha mambo. Tanzania na Uganda ziliruhusiwa kutoza kodi maalumu bidhaa za viwandani kutoka kwa mwenzao aliyewazidi, na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ikaagizwa kuzipa asilimia 38.75 ya uwekezaji wake kila moja, Kenya ipate 22.5. Hatua hizo hazikutosha. Manung'uniko ya mgawanyo yalichanganyika na tofauti za kisiasa, Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Somo lake ni zito: kufuta ushuru hakugawi faida kwa usawa. Faida humfuata aliyejiandaa.

Wapare wana ushahidi wa jambo hili katika historia yao wenyewe. Ugweno, huko Upare Kaskazini, wahunzi wa ukoo wa Washana waliyeyusha chuma na kukifua, na Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wateja wao wakubwa. Kilichovuka bonde kwenda kwa jirani hakikuwa mchanga wenye madini. Kilikuwa chuma, na ujuzi wa kukipata ulibaki Ugweno.

Sasa tukilinganishe chuma hicho na tangawizi. Ikitoka shambani, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Kilo tano hivi za mbichi hutoa kilo moja tu ya kavu. Gunia la tangawizi mbichi linaposhushwa kutoka milimani kwenye barabara inayogeuka tope wakati wa masika, nauli kubwa inalipia maji. Tena zao bichi halimpi mkulima muda wa kusubiri. Likishachimbwa huanza kunyauka, na likikaa vibaya huota ukungu, naye hulazimika kukubali bei ya siku hiyo. Likioshwa, likakatwa vipande na kuanikwa juu ya chanja safi, uzito unapungua, linahifadhika kwa miezi, na anayeuza anaweza kungoja bei. Kazi hiyo ikifanyika Nairobi au Mombasa, ujira wake na faida yake vitabaki hukohuko.

Ndiyo maana wakulima wa Mamba Miamba walifanya jambo la maana sana walipojiunga katika ushirika na kujenga kiwanda cha kusindika tangawizi. Safari ya kiwanda hicho imekuwa ya kusuasua, lakini wazo lake ni sahihi na linastahili kutetewa kwa nguvu zote. Kiwanda cha namna hii huhitaji mtaji wa kununulia zao wakati wa mavuno, umeme wa uhakika, na mikataba na wanunuzi. Kikikosa fedha taslimu msimu ukifika, mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa atamuuzia dalali aliyesimama mbele yake.

Na dalali huyo hununua kwa lumbesa. Gunia hujazwa, kisha hushonewa kilemba juu, na kilo zote za kilemba hicho hazilipiwi. Amri ya serikali ya Julai 2025 iliwakataza wasio raia kufanya biashara kadhaa, ukiwamo ununuzi wa mazao shambani. Nia ya kumlinda mkulima inaeleweka. Hata hivyo, kama kijijini hakuna mizani wala kituo cha kukusanyia mazao, mnunuzi wa nje atamtuma mwenyeji, na lumbesa itabaki palepale. Mizani ya ushirika inamlinda mkulima dhidi ya wanunuzi wote, wa hapa na wa ng'ambo.

Mpakani kwenyewe mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani. Tangu 2016, Holili na Taveta zina vituo vya huduma za pamoja, ambako maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, anaweza kutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa. Mazao yanahitaji pia cheti cha afya ya mimea. Asiyejua taratibu hizi huishia njia za panya, ambako anaweza kunyang'anywa mzigo wote na hana pa kulalamikia.

Kinachobaki kuwa hatari ni maamuzi ya ghafla. Mwaka 2017 Tanzania ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi; Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti. Hofu ya sumukuvu ni halali. Lakini dawa yake ni maabara zinazoaminiwa na pande zote na taarifa inayotolewa mapema, kwa sababu hakuna ushirika utakaothubutu kukopa na kununua mashine za kukaushia kwa ajili ya soko linaloweza kufungwa kwa barua moja.

Halmashauri ya Same inakusanya ushuru wa mazao haya. Naamini sehemu ya fedha hizo inapaswa kurudi waziwazi kwenye mizani, machanja ya kuanikia, barabara za kushuka milimani, na ofisa wa kuwafundisha wanaushirika taratibu za Holili. Serikali mbili zimetimiza sehemu kubwa ya wajibu wao kwa kuondoa ushuru. Zikiongeza utulivu wa sera, na Same ikaongeza thamani kabla lori halijaondoka, biashara na jirani itawaletea watu wa Upare maendeleo waliyoahidiwa.