Juu ya Orodha Kunjuzi na Namna ya Kuirekebisha

Wengi wetu tumekwisha kuiona orodha kunjuzi hata kama hatuijui kwa jina. Ni kile kisanduku chembamba katika kioo cha kompyuta, chenye mshale mdogo upande wa kulia. Ukiubofya mshale, majina hushuka chini. Ukichagua moja, orodha hujikunja tena, na jina lako hubaki peke yake.

Faida yake ni nini? Tuchukue mfano wa hapa kwetu Maruku, penye kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulika na migomba. Tuseme tunatengeneza programu ya kuandikia migomba ya kila shamba. Tukimwachia mwandishi aandike apendavyo, mmoja ataandika "Enchoncho", wa pili "Nchoncho", na wa tatu atasahau herufi. Sisi twajua kuwa ni mgomba mmoja, lakini kompyuta itahesabu aina tatu.

Katika Windows Forms, chombo cha Microsoft cha kutengenezea programu za kompyuta kilichotoka mwaka 2002, kisanduku hiki huitwa ComboBox. Yafaa kurekebisha mambo manne.

Kwanza, namna ya kujibu. Sifa iitwayo DropDownStyle isipobadilishwa huwa DropDown, na mtu aweza kuchagua au kuandika lake. Ukiweka DropDownList, hawezi kuandika tena. Atachagua tu yaliyomo. Kwa hesabu yetu ya migomba, hii ndiyo itufaayo.

Pili, mwanzo uwe mtupu. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Orodha ikipewa majina yake kwa njia ya DataSource, jina la kwanza hujichagua lenyewe. Mwandishi mwenye haraka atahifadhi bila kutazama, na shamba la mtu litaandikiwa mgomba asioupanda. Dawa yake ni kuweka SelectedIndex kuwa -1, yaani hakuna kilichochaguliwa, na kuikataza programu kuhifadhi mpaka mtu achague.

Tatu, mgomba usiokuwemo. Mzee akitaja jina ambalo hatukuliweka, mwandishi atafanya nini? Atachagua lililo karibu, nao huo ni uongo. Basi mwisho wa orodha tuweke neno "Nyingine", na likichaguliwa kitokee kisanduku cha kuandika jina hilo.

Nne, sura. Mtu akibonyeza herufi, orodha humpeleka kwenye jina linaloanza na herufi hiyo. Lakini majina mengi ya Kihaya huanza na E, kwa hiyo msaada huo ni mdogo. Ni afadhali kupanga majina kwa matumizi: ndizi za kupika, za pombe, za kuchoma na za kuivisha, kila kundi na rangi yake. Kwa kazi hiyo weka DrawMode kuwa OwnerDrawFixed. Hapo kompyuta itakuachia uchore kila mstari mwenyewe katika tukio la DrawItem: kwanza usuli, kisha mraba wa rangi, halafu jina. Jina lisiachwe kamwe, maana wako watu wasiotofautisha rangi. Tena angalia: kama hakuna kilichochaguliwa, namba ya mstari huja ikiwa -1. Usipoipima kwanza, programu itatafuta jina lisilokuwapo na kukwama.

Huenda msomaji akauliza kwa nini kujisumbua hivi kwa kisanduku kimoja. Ugonjwa wa mnyauko wa Panama huua aina fulani, kama Gros Michel, lakini migomba yetu ya kupika ya nyanda za juu huuhimili. Mnyauko wa bakteria, ulioonekana mkoani Kagera mwaka 2006, hauchagui hivyo. Bwana shamba anayesoma kwamba migomba imenyauka hana budi kujua ni migomba gani. Jina likiwa la uongo, aweza kuudhania ugonjwa mwingine, na shauri atakalompa mkulima halitafaa.

Kwa hiyo, mwenzangu unayejifunza kutengeneza programu, kabla ya kuandika orodha nenda kwa wale watakaoitumia. Wasomee majina yako mmoja mmoja, na uwaulize ni lipi limesahauliwa. Majina watakayokuongezea hutayapata katika kitabu chochote cha kompyuta.