Pembe ya Mtengano wa Nundu za Kamshafti na Athari Zake katika Utulivu na Nguvu ya Injini

Katika maelezo mengi ya kamshafti, tarakimu moja hutajwa kana kwamba inatosha kueleza tabia ya injini nzima, nayo ni pembe ya mtengano wa nundu. Husemwa kwamba kamshafti ya nyuzi 106 huitikisa injini na ile ya nyuzi 114 huituliza. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Kinachoiathiri injini moja kwa moja ni mwingiliano wa valvu, yaani kipindi ambacho valvu ya kuingizia na ya kutolea moshi huwa wazi kwa pamoja, na pembe hiyo ni mojawapo tu ya mambo yanayouzaa.

Pembe ya mtengano hupimwa kwenye kamshafti, kutoka kilele cha nundu ya kutolea moshi hadi kilele cha nundu ya kuingizia ya silinda ileile. Kwa kuwa kamshafti huzunguka mara moja krankshafti inapozunguka mara mbili, kila nyuzi moja ya pembe hubadili mwingiliano kwa nyuzi mbili za krankshafti. Ili kuupata mwingiliano, muda wa uwazi wa valvu zote mbili hujumlishwa, hugawanywa kwa 4, pembe hutolewa, kisha jibu huzidishwa kwa 2. Kila valvu ikiwa na uwazi wa nyuzi 280 na pembe ikiwa 114, mwingiliano ni nyuzi 52. Pembe ikipunguzwa hadi 106, unafikia 68. Lakini kamshafti yenye uwazi wa nyuzi 240 na pembe ileile ya 106 ina mwingiliano wa nyuzi 28 tu. Hivyo basi, 106 hiyo inayoogopwa huweza kuwa tulivu kuliko 114.

Injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta, kilango cha hewa huwa karibu kimefungwa na kanieneo ndani ya manifoldi ya kuingizia huwa chini sana. Valvu zote mbili zikiwa wazi wakati huo, moshi uliokwisha kuungua hurudi nyuma kuelekea kwenye ombwe hilo, kisha huvutwa tena silindani pamoja na mchanganyiko mpya. Mchanganyiko uliochafuliwa hivyo huwaka polepole, na mara nyingine hauwaki kabisa. Mitikisiko isiyolingana inayosikika, ambayo baadhi ya wapenzi wa magari huisifu, hutokana na mizunguko hiyo iliyoshindwa. Athari yake si ya kelele tu: ombwe hupungua, na kifaa kinachoongeza nguvu ya breki kwa kulitegemea hudhoofika.

Kasi inapopanda, moshi unaotoka kwa mwendo mkubwa husaidia kuvuta hewa mpya silindani, na mwingiliano uleule uliokuwa hasara hugeuka faida. Kwa kawaida pembe finyu huikusanya nguvu katikati ya kasi, ilhali pembe pana huitandaza. Injini zenye turbo mara nyingi hupewa pembe pana, ili hewa iliyoshindiliwa isipitilize moja kwa moja kwenye njia ya moshi.

Katika injini ya V8 ya Chevrolet iliyotoka mwaka 1955, nundu zote 16 zimo kwenye kamshafti moja. Kuisogeza kamshafti hiyo mbele au nyuma hubadili wakati wa valvu zote, lakini pembe haibadiliki. Mambo haya mawili huchanganywa mara kwa mara. Injini yenye kamshafti mbili haina kifungo hicho. Katika 1NZ-FE ya Toyota, iliyomo katika magari mengi ya Dar es Salaam na Nairobi, mfumo wa VVT-i huigeuza kamshafti ya kuingizia peke yake kwa shinikizo la oili. Injini ikiwa haijakanyagwa mafuta, kamshafti hiyo hucheleweshwa, mtengano hupanuka na mwingiliano hupungua. Valvu ya oili ya mfumo huo ikikwama kwa uchafu huku kamshafti imetangulizwa, injini hutikisika au huzimika taa za barabarani zinapoisimamisha, hata kama plagi zake ni mpya.