Mhina wa Uani Wataka Kukatwa

Harusi zikikaribia hapa pwani, jambo moja ambalo akina mama huulizana ni hina itatoka wapi. Zamani jawabu lilikuwa uani. Siku hizi jawabu ni dukani, na ya dukani mnunuzi hajui imechanganywa na nini. Kwa maoni yangu, nyumba yenye pembe ya kiwanja isiyozidi hatua mbili haina udhuru wa kukosa mhina.

Ni mti usio na makuu. Wapenda jua kali, na ukishashika mizizi huvumilia kiu kuliko waridi au mwasumini. Adui yake ni maji yaliyotuama, kwa hiyo usiupande chini ya mchirizi wa paa wala pale panapomwagwa maji ya kufulia. Mbegu zake ni ndogo mno. Zataka kurowekwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa kila siku, na bado huchelewa kuota. Afadhali kijiti. Mwombe jirani akukatie kilichokomaa, urefu wa shubiri moja, ukiondoe majani ya chini, ukichomeke kivulini katika kopo la mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, mvua za mwaka zinapoanza. Kikichipua vyema, kihamishie juani.

Baada ya hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuuonea mti huruma. Mhina ulioachwa hurefuka ukapita ukuta, matawi ya kale yakafanya miiba, na majani yakawa juu yasikofikiwa. Basi ukishakomaa ukate, hata uufikishe magotini, kabla ya mvua. Machipukizi yatakayotoka ndiyo yenye majani mengi, na majani machanga ndiyo yenye rangi zaidi. Aujuaye mti wake huvuna mara mbili kwa mwaka. Ila wacha tawi moja litoe maua. Harufu yake jioni yatosha kuwa ijara ya kumwagilia.

Majani yakaushwe kivulini, kwani jua huyapausha, kisha yatwangwe, yachungwe kwa kitambaa cha melimeli, yakandwe kwa maji ya ndimu na kulazwa. Hina ya kweli ikibanduliwa huonekana ya rangi ya chungwa, halafu hukoza siku ya pili.

Basi ile iitwayo hina nyeusi, ambayo hushika kwa muda mfupi tu, si hina. Piko nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi, yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Wako waliopata malengelenge na kubaki na kovu lenye umbo la ua lile lile walilochorwa, na mwili ukishaikataa kemikali hiyo, aghalabu huikataa maisha. Hata hina halisi nayo asipakwe mtoto mchanga: wako wazaliwao na upungufu fulani wa damu, na kwao hina huweza kuvunja chembe nyekundu.

Mti uliopandwa mvua hizi usivunwe sana mwaka wake wa kwanza. Mwenye binti wa kuozwa miaka miwili au mitatu ijayo, kijiti chake akitafute sasa.