Askari Aliyeshinda kwa Miguu, Akashinda na Bila Miguu

Asubuhi na mapema, kabla umande haujakauka kwenye migomba, watoto wa vijiji vyetu vya Karagwe na Kyerwa huonekana njiani wakikimbilia shule. Wengine wana viatu, wengine hawana. Asiye na viatu pengine huona haya mbele ya wenzake. Leo twapenda kumsimulia mtoto huyo, pamoja na baba yake na mama yake, habari za mtu mmoja aliyekimbia bila viatu mbele ya macho ya dunia nzima, wala asione haya. Tena tutasimulia mambo yaliyompata baadaye, maana hapo ndipo penye fundisho kubwa zaidi.

Mtu huyo ni Kapteni Abebe Bikila wa Ethiopia. Kwao jina lake hasa ni Abebe, na Bikila ni jina la baba yake. Wazee wetu waliiita nchi ile Uhabeshi. Jina hilo walilijua vizuri, kwa kuwa askari wa KAR kutoka Tanganyika walipelekwa kupigana huko mwaka 1941, siku Waitalia walipofukuzwa na Mfalme Haile Selassie akarudi kitini pake.

MTOTO WA MCHUNGA MIFUGO

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932, katika kijiji cha Jato, kwenye nchi ya milima na baridi. Wazazi wake walikuwa watu wa kawaida, wenye kuchunga mifugo. Alipokuwa mtoto mdogo, majeshi ya Italia yaliivamia nchi yake, na Mfalme akakimbilia Ulaya mwaka 1936. Alipopata kuwa kijana, Abebe alikwenda mji mkuu wa Addis Ababa, akaandikwa askari katika kikosi cha walinzi wa Mfalme.

Humo jeshini alikuwamo mwalimu wa michezo aliyetoka Sweden, Bwana Onni Niskanen. Huyo aliwatazama askari wakifanya mazoezi, akaona kwamba Abebe ana pumzi isiyo ya kawaida, na mwendo wake ni mwepesi, hautupi nguvu bure. Akamtia katika mazoezi ya mbio ndefu, siku baada ya siku, milimani na bondeni.

USIKU WA ROMA

Mwaka 1960 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Roma. Siku ya mbio za marathoni ilikuwa tarehe 10 Septemba. Marathoni ni mbio za kilomita 42 na zaidi kidogo. Mtu wa kwetu akitembea mwendo huo kwa miguu bila kukawia, ataondoka alfajiri na kufika alasiri.

Viatu vipya alivyojaribu Abebe havikumkaa sawasawa, vilimtoa malengelenge. Basi akaamua kukimbia miguu mitupu, kama alivyozoea mazoezini kwao. Wako walioona jambo hilo kuwa la ajabu. Huyu ni nani, aliyekuja Ulaya kushindana na wenye viatu?

Mbio zilianza jioni, joto lilipopungua, zikaendelea mpaka giza likaingia. Sehemu ya safari ilikuwa katika Via Appia, barabara ya kale iliyotandikwa mawe. Ndiyo njia aliyopitia Mtume Paulo alipopelekwa Roma hali amefungwa, na ndugu wakatoka kumlaki. Usiku ule askari wa Italia walisimama kando ya barabara wakishika mienge ili wakimbiaji wapate kuona. Katika mwanga huo walionekana watu wawili wakiongoza, Abebe pamoja na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Wote wawili ni Waafrika.

Karibu na mwisho wa safari palisimama jiwe moja refu sana, mita 24 kwenda juu, lililochongwa zamani za kale mjini Axum, katika Ethiopia. Waitalia walilichukua wakati wa utawala wao, wakalisimamisha Roma mwaka 1937. Abebe aliliona jiwe la kwao likiwa ugenini. Huko mwishoni aliongeza mwendo, akamwacha mwenzake. Alifika wa kwanza penye Tao la Konstantino, yule mfalme aliyewapa Wakristo uhuru wa kusali. Alitumia saa mbili, dakika 15 na sekunde 16, na hapakuwa na mtu aliyewahi kukimbia marathoni upesi kuliko hivyo. Rhadi alifika nyuma yake kwa sekunde 25.

Hivyo Abebe alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuipatia nchi yake nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Miaka ishirini na mitano tangu majeshi ya Italia yaingie Ethiopia na mizinga na ndege, askari mmoja wa Ethiopia aliingia Roma bila bunduki na bila viatu, na watu wa Roma wakampigia makofi.

Mwaka 1964 alikwenda Tokyo, Japani. Wiki tano hivi kabla ya mbio alikuwa amepasuliwa tumbo kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Wengi walidhani hatakimbia. Tarehe 21 Oktoba alikimbia, mara hii akiwa amevaa viatu, akashinda tena kwa saa mbili, dakika 12 na sekunde 11. Aliyemfuata alifika dakika nne baadaye. Naye Abebe, wakati akingojea wengine wafike, alikuwa katika majani ya uwanja akinyosha viungo kama mtu aliyetoka matembezini. Watu waliojaa uwanjani walishangilia kwa furaha kubwa. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyepata kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

KABLA HUJAFA HUJAUMBIKA

Miongoni mwa zawadi alizopewa baada ya Tokyo ilikuwa motokaa ndogo aina ya Volkswagen. Mwaka 1968 alikwenda Mexico kujaribu mara ya tatu, lakini mguu ulikuwa unamwuma, akalazimika kuacha mbio njiani. Mwenzake wa Ethiopia, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda. Mbio hizo Watanzania hatuwezi kuzisahau, kwa kuwa ndizo ambazo John Stephen Akhwari wetu aliumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea mpaka mwisho, ingawa alifika wa mwisho na usiku umeingia. Aliporudi nyumbani, Abebe alipewa cheo cha Kapteni.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969, Kapteni Abebe alikuwa akiendesha ile Volkswagen yake karibu na nchi aliyozaliwa. Gari likapinduka. Akalala humo amebanwa mpaka watu walipomkuta asubuhi. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia vibaya. Mtu aliyekuwa na miguu myepesi kuliko watu wote duniani hakuweza kuinua hata mkono.

Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, akatibiwa miezi minane. Malkia Elizabeti alikwenda kumtazama, na barua za watu wasiomjua zikafika kutoka nchi nyingi. Mikono ilipata nguvu tena. Miguu haikupata. Tangu hapo mpaka kufa kwake alikaa katika kiti cha magurudumu.

Hospitali hiyo ilikuwa na historia yake. Sehemu ya wagonjwa wa uti wa mgongo ilifunguliwa mwaka 1944 kwa ajili ya askari walioumia vitani. Mganga wake, Ludwig Guttmann, alikuwa Myahudi aliyekimbia mateso ya Ujerumani. Zamani askari wa namna hiyo waliachwa wakilala kitandani wakingoja kufa. Guttmann hakukubali. Aliwakalisha, akawapa upinde na mishale, akawapa mipira, akaanzisha mashindano yao mwaka 1948. Mwaka 1960, siku chache tu baada ya Abebe kukimbia Roma, wachezaji wa viti vya magurudumu wapatao 400 walikusanyika katika mji huohuo kwa michezo yao. Baba Mtakatifu Yohane XXIII aliwapokea, akamsifu Guttmann kwa kumlinganisha na Coubertin, aliyeanzisha Olimpiki za siku hizi. Wakati huo Abebe alikuwa kijana mzima mwenye nishani shingoni. Angejuaje kwamba michezo ile ndiyo itakayompokea baadaye?

Naye hakukaa akijililia. Mwezi Julai 1970 alishindana huko Stoke Mandeville katika kupiga mishale na mpira wa meza. Mwaka 1971 alialikwa Norway awe mgeni tu, lakini akaingia mashindanoni. Huko watu huvutwa na mbwa juu ya theluji katika kigari kisicho na magurudumu. Abebe, mtu wa Afrika, aliwashinda wote katika mbio hizo! Mwaka 1972 alialikwa kwenye Olimpiki za Munich. Alipoingia uwanjani katika kiti chake, watu walisimama wakampigia makofi. Hata Frank Shorter wa Marekani, aliyeshinda marathoni mwaka huo, alipokwisha kupokea nishani yake alikwenda kumpa mkono.

Alipoulizwa juu ya msiba wake, Abebe alijibu kwamba kushinda Olimpiki kulikuwa mapenzi ya Mungu, na ajali nayo imo katika mapenzi ya Mungu. Kama alivyopokea furaha, ndivyo ilivyompasa kupokea na hili.

SIKU YA MAZIKO

Kapteni Abebe Bikila alifariki dunia tarehe 25 Oktoba 1973 mjini Addis Ababa, damu ilipovuja katika ubongo kwa sababu ya maumivu yale ya ajali. Alikuwa na umri wa miaka 41. Aliacha mke na watoto wanne. Hakufa kwa risasi, lakini alizikwa kwa heshima zote za kiaskari. Watu wapatao 65,000 walikuja kumsindikiza, na Mfalme akaamuru siku ya maombolezo kwa nchi nzima.

Hebu tufikiri kidogo. Watu wale hawakuwa wamemwona akishinda Olimpiki kwa muda wa miaka tisa. Miaka minne na nusu ya mwisho hakuweza kupiga hata hatua moja. Kama walimpenda kwa ajili ya miguu tu, mapenzi yao yangalikwisha siku gari lilipopinduka. Kumbe hayakwisha!

Wala hayajaisha hata sasa. Mwaka 1974 Mfalme aliondolewa kitini, na utawala wake ukaanguka. Lakini kiwanja cha michezo katika Addis Ababa kinaitwa kwa jina la Abebe. Lile jiwe la Axum lilirudishwa kwao mwaka 2005. Na mwaka 2010, ilipotimia miaka 50 tangu ule usiku wa Roma, kijana Mwethiopia Siraj Gena aliongoza marathoni ya mji huo. Alipokaribia mwisho alisimama, akavua viatu vyake, akamalizia miguu mitupu, naye akashinda. Ndivyo alivyomkumbuka mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.

NASI NYUMBANI KWETU

Sisi wa mkoa wa Kagera hatuhitaji kufundishwa maana ya kaburi la askari. Pale Kaboya, katika wilaya ya Muleba, wamelala askari wetu waliokufa katika vita vya mwaka 1978 na 1979, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka. Tukipita tunawaombea, na viongozi huweka mashada. Ni vema, na yatupasa kuendelea.

Lakini vita haviui tu. Huwarudisha wengine bila mguu, bila jicho, bila nguvu. Tena si vita peke yake. Wako waliopinduka na pikipiki, walioanguka juu ya mti, waliozaliwa na viungo dhaifu. Pengine mmoja wao alikuwa mchezaji hodari wa kandanda kijijini, na siku za Jumapili watu wote walilitaja jina lake. Sasa amekaa nyuma ya nyumba, wageni wakija hawaonyeshwi. Wale waliomshangilia hupita barabarani bila kugeuka.

Je, tulimpenda yeye au tulipenda mabao yake?

Kwa Kapteni Abebe twaona njia iliyo bora. Yeye hakuachwa. Mganga alimshughulikia, marafiki walimwandikia, wenye michezo walimpa upinde mkononi wakamwambia ashindane. Kwa sababu hiyo alishinda tena, bila miguu. Nasi hatuna Stoke Mandeville katika kijiji, lakini tuna mikono. Baba anaweza kusawazisha njia kutoka mlangoni mpaka barabarani ili kiti cha magurudumu kipite. Vijana wanaweza kumchukua jirani yao mpaka kanisani, na mpaka kiwanjani siku ya mchezo, akakaa mbele na si nyuma. Mama anaweza kumpeleka shule mtoto asiyetembea badala ya kumficha ndani. Mwalimu wa michezo anaweza kumwomba mchezaji wa zamani awafundishe wadogo, maana miguu ikikosa nguvu akili ya mchezo hubaki.

Kabla hujafa hujaumbika, wasema wazee. Anayekimbia leo hajui kesho itakuwaje. Basi wewe mtoto unayekwenda shule bila viatu, kimbia, usione haya. Mshindi wa Roma alikuwa kama wewe. Na ukimkuta njiani mtu asiyeweza kukimbia, simama kwanza umsalimu.