Njia ya Miguu Itengenezwe kwa Fedha ya Nani?

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kusoma habari za choo, maji ya kuchemsha na chandarua. Leo tutasoma habari za njia ya miguu. Usishangae. Dawa iko zahanati. Mgonjwa yuko nyumbani. Kilicho katikati yao ni njia.

Vijiji vingi vya Shinyanga na Geita vina barabara moja ya magari. Nyumba nyingi haziko kando ya barabara hiyo. Ziko mbali, kila mji na shamba lake na zizi lake. Kutoka nyumbani hadi barabarani watu hupita njia nyembamba. Wakati wa kiangazi njia hiyo ni nzuri tu. Mvua zikianza mambo hubadilika. Udongo mweusi wa mbuga hulowa na kunata. Hushika miguu, hushika na magurudumu. Kijito ambacho mwezi wa Septemba ni mchanga mtupu, mwezi wa Januari kinafika kiunoni.

Tuseme mama ameshikwa na uchungu saa nane za usiku. Mume anatafuta pikipiki. Pikipiki inafika kijitoni, inasimama. Wanaume wanne wanachukua kitanda cha kamba na kumbeba mama. Nao wanafika kijitoni, wanasimama. Wanangoja maji yapungue. Wao wanangoja, lakini damu haingoji. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Sindano ya kusaidia kuzuia damu hiyo ipo. Iko ng'ambo ya kijito.

Siku hizi tunao mfumo wa m-mama. Ulijaribiwa kwanza huku kwetu Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga. Mwaka 2022 Serikali iliuzindua kwa ajili ya nchi nzima. Mama mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipata hatari, piga simu namba 115. Simu hiyo hailipiwi. Kama gari la wagonjwa haliko karibu, huitwa dereva wa hapo hapo aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa na mfumo. Familia haidaiwi nauli. Ni mpango mzuri sana. Lakini dereva hawezi kuruka korongo.

Njia mbaya huleta na madhara mengine. Anayevuka maji yaliyotuama kwa miguu mitupu anaweza kupata kichocho. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu. Watoto wa shule wanaovuka hapo kila siku ndio wanaopata zaidi. Majani marefu kando ya njia huficha nyoka. Na huku Geita tunayo hatari yetu wenyewe: maduara ya dhahabu yaliyoachwa. Wachimbaji wamehama, matimba yameoza, majani yameota juu ya shimo. Mtu anayepita usiku bila tochi hajui kama anakanyaga ardhi au anakanyaga majani matupu.

Tusiseme habari za wagonjwa tu. Njia nzuri humfaa na mtu mzima wa afya. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima atembee au afanye kazi ya kuchangamsha mwili kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Mkulima mwenye jembe haihitaji hesabu hii. Lakini mwenye duka, dereva wa bodaboda, na mwenye karasha anayekaa kwenye kiti kutwa nzima, hao wanaihitaji. Wazee wenye shinikizo la damu au ugonjwa wa kisukari nao huambiwa watembee. Watembee wapi? Barabarani lori zinapita mbio na vumbi limejaa. Njia iliyo safi, yenye miti ya kivuli, inayokwenda uwanja wa mpira au kisimani, ni dawa isiyonunuliwa.

JE, NJIA NI MALI YA NANI?

Watu wengi hudhani kwamba fedha za Serikali ni za barabara ya magari tu. Ukiomba fedha kwa ajili ya njia, huenda mtu akakuambia, "Hiyo si barabara, ni kinjia." Usirudi nyumbani kwa neno hilo. Uliza zaidi.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imegawa barabara katika mafungu. Ziko barabara kuu na barabara za mikoa. Ziko pia barabara za wilaya. Ndani ya fungu la wilaya zimo barabara za jamii, yaani barabara zilizo ndani ya kijiji au zinazounganisha kijiji na kijiji. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya zinasimamiwa na TARURA, maana yake Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini.

Fedha za kuzitunza hutoka wapi? Sehemu kubwa hutoka katika Mfuko wa Barabara. Mfuko huo hupata fedha kutoka kwenye mafuta ya petroli na dizeli. Kila lita inayouzwa ina tozo ndani yake. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ili barabara za TARURA zipate fedha zaidi. Usiseme, "Mimi sina pikipiki, sijalipa." Umelipa. Nauli ya basi ina mafuta ndani yake. Chumvi iliyoletwa dukani kwa lori ina mafuta ndani yake. Basi mwenye kuomba njia haombi sadaka.

Lakini lazima tuseme kweli. TARURA hutengeneza barabara zilizoandikwa katika orodha yake. Njia ya kupita mtu mmoja na ng'ombe wake kwa kawaida haimo. Kijiji kina mambo mawili ya kufanya. Kama njia inaweza kupanuliwa ipite gari au bajaji, kijiji kiombe iandikwe kuwa barabara ya jamii. Kama itabaki njia ya miguu na pikipiki, fedha zitafutwe kwingine. Na kwingine kupo.

Jambo hili si geni nchini. Kuanzia mwaka 1985 palikuwa na mradi wa usafiri wa vijijini wilayani Makete, kusini mwa nchi. Wataalamu walikwenda na mawazo ya barabara na magari. Walipohesabu safari za watu waliona kwamba safari nyingi ni za miguu, ndani ya kijiji, kwenda kuteka maji, kutafuta kuni, shambani na mashineni. Tena mizigo mingi iko juu ya vichwa vya akina mama. Kwa hiyo mradi ule ulitengeneza na njia za miguu pia. Ukajenga vivuko, ukasaidia watu kutumia punda. Mimi naona hesabu ile ingefanywa huku kwetu leo, jibu lisingekuwa mbali na lile.

Hata Serikali yenyewe hutengeneza njia za miguu. Katika Mlima Kilimanjaro, na hapa jirani katika kisiwa cha Rubondo mkoani Geita, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, zipo njia za watalii. Hifadhi hizo ziko chini ya TANAPA, shirika la umma. Wageni hutoka mbali na kulipa fedha ili watembee kwa miguu! Kama njia ya mtalii ni kazi ya umma, njia ya mama mjamzito nayo ni kazi ya umma.

FEDHA ZIKO WAPI?

Fedha zipo katika mifuko mbalimbali, na kila mfuko una mlango wake.

Uko Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Katika mpango wake wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012, watu wa kaya hizo walipewa kazi za muda na kulipwa ujira. Walichimba malambo, walipanda miti, walitengeneza barabara za vijiji. Kazi zilichaguliwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni. Mimi naipenda sana njia hii. Fedha ya njia huingia mfukoni mwa jirani maskini, naye hununua unga na daftari. Kijiji chenye kazi za namna hiyo kiulize kama njia ya zahanati inaweza kuwa mojawapo.

Uko mfuko wa jimbo. Sheria yake ni ya mwaka 2009. Kamati yake huongozwa na mbunge. Mfuko huu unafaa kwa miradi midogo ambayo wananchi wamekwisha kuianza. Maana yake ni hii: ukienda mikono mitupu, utasikilizwa kidogo. Ukienda na mawe yaliyokwisha kukusanywa na mchanga uliokwisha kusombwa, una neno la kusema.

Ziko fedha za migodi. Mgodi wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Tangu Sheria ya Madini ilipobadilishwa mwaka 2017, mwenye mgodi anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri juu ya mpango huo. Angalia neno hilo: halmashauri. Kwenda kusimama kwenye geti la mgodi na barua mkononi hakutoshi. Njia yenu iwe imo katika mipango ya halmashauri, ili diwani aitaje siku ya kugawa.

Na halmashauri yenyewe ina mapato yake, kama ushuru wa mazao na ushuru wa huduma. Kivuko kidogo hakiwezi kuzidi uwezo wa kila halmashauri. Mara nyingi kinachokosekana ni karatasi.

KARATASI HIYO INAANDIKWAJE?

Anzeni kwenye kitongoji. Tembeeni njia yote pamoja na mwenyekiti, akina mama wawe mbele, kwa sababu wao ndio wanaojua mahali palipo pabaya. Pimeni kwa kamba. Chukua kamba ya mita 50, ihesabu inalala mara ngapi. Ikilala mara 46, njia ina mita 2,300. Hizo ni kilomita 2 na mita 300. Hesabuni na vijito, na makorongo, na maduara yaliyo karibu.

Hapa ndipo ugomvi hutokea. Kila mwaka plau ya ng'ombe hula njia kidogo, na mwenye shamba husema njia ndiyo iliyomwingilia. Mwiteni siku hiyo hiyo. Kubalianeni upana na mwandike, naye atie sahihi au dole gumba. Fedha zikija na ugomvi bado uko, kazi itasimama.

Kisha jambo liende Halmashauri ya Kijiji, halafu Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wa watu wazima wote wa kijiji, nao hutakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Mtendaji aandike katika muhtasari. Maneno machache yanatosha, kama haya:

"Mkutano umekubali kuomba fedha za kutengeneza njia ya kwenda zahanati. Urefu ni mita 2,300. Vijito ni viwili. Wananchi watatoa mawe, mchanga na nguvu zao. Tunaomba saruji, nondo, mabomba ya kalavati na fundi."

Ombi lisilo na kipimo husomwa na kuwekwa kando. Ombi lenye kipimo mhandisi anaweza kulipigia hesabu.

Kutoka kijijini muhtasari huenda kwenye kata, kisha wilayani. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango huandaliwa miezi mingi kabla. Anayeleta ombi mwezi wa Mei amechelewa. Lipelekeni mara baada ya mavuno, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Fedha zikifika, mna haki ya kujua ni kiasi gani na zimetumikaje. Mapato na matumizi yasomwe mkutanoni. Kuuliza, "Saruji ilikuwa mifuko mingapi?" si kumtukana mtendaji.

NJIA NZURI IKOJE?

Upana wa mita mbili unatosha machela kupita na pikipiki kupishana nayo. Katikati pawe juu kama mgongo wa ng'ombe, ili maji yaende kando. Kando pachimbwe mtaro. Sehemu ya mbuga iinuliwe kwa moramu au changarawe. Duara lililo karibu na njia lifukiwe kabisa. Kama ni refu mno, lizungushiwe uzio wa miiba na miti wakati mkisubiri msaada.

Kwenye kijito msikimbilie magogo. Mchwa huyala, na maji huyabeba. Mkoani Kigoma, kwa msaada wa Ubelgiji, yamejengwa madaraja ya mawe ya upinde, na TARURA imeyapeleka na mikoa mingine. Hayahitaji nondo nyingi, kwa hiyo ni rahisi kwa bei. Sisi watu wa Shinyanga mawe tunayo kila kilima. Mwambieni mhandisi awaeleze kama kijito chenu kinafaa kwa daraja hilo.

Kazi ikiisha, gaweni njia kwa vitongoji, kila kimoja na kipande chake cha kufyeka na kuzibua mtaro kabla ya mvua za kwanza. Baada ya mvua ya kwanza mtu aipitie njia yote akitazama maji. Yakisimama mahali kwa zaidi ya siku moja, mtaro umeziba au umechimbwa juu mno. Uchimbwe tena upande wa chini, siku hiyo hiyo, kabla gurudumu la mkokoteni halijafanya shimo.