Paneli Haidanganyi, Ni Stika

Ukiingia duka la sola pale Luthuli ama River Road, msee wa kaunta atakuuliza swali moja tu: "Bro, unataka wati ngapi?" Ukimtajia namba na ukatoa doh hapo hapo, jua umenunua namba. Wati ni kitu imeandikwa kwa stika, na stika huchapishwa na printa yoyote ya tao. Nimekaa sana na mafundi wa sola, nimepanda nao mabati, nimeshikilia ngazi paneli ya kilo 27 ikipanda, na kenye wamenionyesha ndio nataka kuwapea: paneli yenyewe haijui kudanganya. Unaeza kuicheki na mikono yako, hapo nje ya duka, na si lazima uwe umesomea uinjinia.

Naongea na rika yetu haswa, wale wameanza kujenga. Kaploti ka 40 kwa 80 huko Kamulu, Juja Farm ama Kitengela. Msee amejinyima miaka, ameweka slab na mabati, sasa hataki stima imchezee. Na hiyo hasira tunajua imetoka wapi. Ijumaa usiku ya 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa giza. Novemba ikapotea tena, Desemba tena. Ukiwa unachapa wira ya mtandao na mteja wako ako ng'ambo, huwezi kumwambia ati gridi imeanguka. Dem wa saluni, msee wa kinyozi, prodyusa wa studio ya bedsita, wote walianza kuulizana bei ya paneli. Na saa hiyo ndio maneno ilijaa tao: mono, poli, half-cut, N-type, Tier 1.

Anza na tepu. Ile ya fundi wa mbao inatosha. Paneli zote hupimwa kiwandani kwa mizani moja: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita mraba, seli zikiwa nyuzi 25. Paneli fiti za saa hii hugeuza kama asilimia 21 hadi 23 ya huo mwanga kuwa stima. Kwa hivyo mita mraba moja inakupea kama wati 210 hadi 230, na hata zile za bei mbaya kabisa haziendi mbali na hapo. Sasa pima. Paneli ya 550 ya kawaida ina urefu wa mita 2.28 na upana wa mita 1.13. Zidisha, unapata mita mraba 2.58. Gawa 550 na hiyo, unapata kama wati 213 kwa kila mita mraba. Hiyo iko wazi. Lakini ukipata kapaneli ka mita moja kwa mita moja kameandikwa 400W, buda, hepa. Wasee wa Bell Labs, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyesha dunia seli yao ya silikoni 1954 ikigeuza asilimia 6 tu. Imechukua miaka 70 ya kazi ya watu wenye akili kutoka hapo hadi hapa tuko. Mtu akikuambia ya kwake inafika 40, anakulisha matango pori.

Halafu igeuze usome nyuma. Kuna namba tano za maana. Pmax ndio wati. Vmp na Imp ni volti na ampea paneli ikichapa kazi. Voc ni volti ikiwa haijaunganishwa na kitu, na Isc ni ampea ukigusanisha waya zake mbili. Toa simu, zidisha Vmp na Imp. Paneli ya 550 yenye Vmp 41.95 na Imp 13.12 inakupea 550 na kitu kidogo, na hivyo ndio inafaa. Zikikataa kukutana, mwenye alichapisha stika hakujua hesabu. Cheki pia siri namba, ile serial ya paneli. Kampuni za maana huipachika ndani ya glasi, mahali huwezi kuikwangua. Ya ndani na ya stika lazima zifanane.

Hapa kwa volti ndio wasee wengi huchomwa, acha nieleze polepole. Mwuzaji anatoa paneli kwa jua, anaweka mita, inasoma volti 22, anakuambia "si umeona, inawaka." Volti huamka hata kwa mwanga kidogo. Paneli ya wati 100 na ya wati 200 zikiwa na seli 36 kila moja zitasoma karibu volti sawa. Tofauti iko kwa ampea. Kuna fundi wa Ruai nilimwona akifanya hii kitu mbele ya mteja wake. Alilaza paneli mbili kwa nyasi saa sita mchana, zote zimeandikwa 200W, akazipima volti: 22 hapa, 22 pale. Mteja akatulia. Fundi akagusanisha waya za ya kwanza, akazungushia klampu mita: ampea 10.6. Akaenda ya pili: 5.4. Hakuongeza neno. Alifunika paneli na blanketi kabla ya kuachanisha waya, ju hii stima ya sola ikikatwa ikiwa inakimbia hupiga cheche ya kuunguza. Ile ya 5.4 ilirudi kwa boda siku hiyo hiyo. Ukienda kununua, tafuta fundi mwenye klampu mita ya kusoma DC, ju zile nyingi za bei ya chini husoma AC peke yake.

Sasa tuingie kwa vita ya mono na poli. Poli ndio zile za bluu zenye seli zinaonekana na vipande vipande, mono ni nyeusi. Poli imepitwa, na mahali bado inauzwa mpya, usiangalie bei ya paneli nzima, gawa bei kwa wati. Vita yenyewe saa hii ni kati ya mono za PERC na zile mpya za N-type, haswa TOPCon, na hayo ni majina ya vile seli hutengenezwa. Mwuzaji atakuambia TOPCon haiogopi joto. Ukweli uko, lakini uupime. Juu ya mabati saa saba mchana, seli zinaeza kufika nyuzi 60, yaani 35 juu ya ile mizani ya kiwanda. PERC hupoteza asilimia 0.35 kwa kila nyuzi, TOPCon kama 0.29. Paneli mbili za 550, moja inabaki na 483, nyingine 494. Wati 11. Hiyo ni balbu moja. Kwa Nairobi siwezi kukubali mtu akuongezee maelfu kwa hiyo sababu. Ukiwa Mombasa ama Malindi, mahali joto halipumziki, hapo naielewa zaidi, na huko uliza kama paneli imepita jaribio la chumvi, IEC 61701.

Mahali TOPCon inanishika kweli ni kuzeeka. PERC kawaida huahidiwa kupoteza asilimia 2 mwaka wa kwanza, halafu 0.55 kila mwaka, ikifika miaka 25 imebaki na kama 85. TOPCon nyingi huahidi asilimia 1 mwaka wa kwanza, halafu 0.4, na miaka 30 ikiisha imebaki na 87. Ukijenga keja ya kuishi hadi watoto wako wamalize shule, hiyo tofauti ni doh. Lakini nyingi zina glasi pande mbili, na uzito unapanda hadi kilo 32 hivi. Mabati ya geji 30 na mbao zimewekwa mbali mbali? Muulize fundi wa paa kwanza. Na hata ukinunua gani, acha nafasi ya sentimita 10 na zaidi kati ya paneli na mabati. Hewa ikipita hapo chini, inakurudishia wati bila malipo.

Kivuli nacho kinaua kuliko hizo zote. Seli za paneli zimefungwa kwa mstari, na paneli zako pia. Ni kama mpira wa kumwagilia maji: ukiukanyaga mahali pamoja, mpira wote unakosa presha. Ndio maana kila paneli huwekwa dayodi tatu za kupitisha stima kando, na ndio maana half-cut ni kitu poa, ju nusu ya juu na nusu ya chini zinafanya kazi kila moja kivyake. Na keja zetu ziko na adui moja, tenki nyeusi ya maji hapo juu. Wasee hupima kivuli chake siku moja wanamaliza. Nairobi iko karibu na ikweta kabisa, nyuzi moja na kitu kusini, na jua huhama. Juni linapita kaskazini, kivuli cha saa sita kinaanguka kusini. Desemba linahamia kusini, kivuli kinaruka upande ule mwingine. Tenki ya mita 2, saa sita ya Juni, inatupa kivuli cha karibu mita moja, na asubuhi na jioni kinanyooka zaidi sana. Paneli ilikuwa safi Agosti, Desemba inafunikwa, na unaanza kulaumu kampuni. Kama paa yako iko na pande mbili, mimi ningechagua ya kaskazini, ju Julai ndio Nairobi hujaa mawingu na jua liko upande huo. Ilaze nyuzi 10 hadi 15, mvua itaosha vumbi.

Kuna kosa lingine huunguza vitu vipya, na linaanzia kwa ile stika. Chukua paneli tatu zenye Voc 49.8, zifunge kwa mfululizo: volti 149.4. Fundi anaona invata imeandikwa mwisho 150, anasema imeingia. Hapana. Baridi hupandisha volti. Asubuhi ya Julai huko Limuru, nyuzi 10, hizo paneli zinapanda kwa kama asilimia 4, na mwanga ukizigusa tu zinapiga 155. Invata inakufa, na waranti haitakusaidia ju umepitisha kiwango. Fundi mwenye hakuulizi baridi ya kwenu inafika wapi, mtafutie mwenzake. Leseni za mafundi wa sola hutolewa na EPRA, ile mamlaka ya kawi, ziko T1, T2 na T3. T1 ni ya mifumo midogo. Kwa keja ya invata na betri zimeshikana na stima ya Kenya Power, itisha T3, na uione na macho.

Idadi isikusumbue sana. Keja yenye friji, TV, wifi, lapi na taa hula kama uniti 3 ama 4 kwa siku. Paneli moja ya 550 kwa siku poa ya Nairobi huleta kama uniti 2, ukishatoa zile zinapotea kwa joto, waya na invata. Tatu zinakutosha, na Julai utajibana. Shawa ya stima iache nje ya hii hesabu, inavuta wati 5,000 na zaidi. Kwa maji moto, weka ile ya kuchemsha na jua moja kwa moja.

Majina nayo? Jinko, LONGi, JA Solar, Trina, Canadian Solar: zikiwa halisi, siwezi kukukosanisha na yeyote kati ya hizo. Tofauti zao ni ndogo kuliko kivuli cha tenki yako. Ile "Tier 1" unaskia kila duka ni orodha ya BloombergNEF inayoangalia kama mabenki hukopesha miradi inayotumia hizo paneli. Haijapima ubora wa paneli yoyote. Cheti za kuitisha ni IEC 61215 na IEC 61730. Waranti pia ni mbili: ya paneli kuharibika, mara nyingi miaka 12 ama 15, na ya nguvu, miaka 25 ama 30. Ya pili ndio hutangazwa kwa sauti, ya kwanza ndio utaihitaji. Uliza nani Nairobi ataipokea paneli ikiharibika, ju hakuna mtu atalipa meli irudi Shanghai na kilo 27. Hii ndio sababu zile zimetengenezwa Naivasha, kwa kiwanda kilianza 2011 na saa hii kinaitwa Solinc, nazipea masikio, haswa kwa mifumo midogo.

Siku ya kufunga, kuwa hapo. Siri namba zote ziandikwe kwa risiti, moja moja. Fundi asikanyage paneli, hata kama anakuambia glasi ni ngumu. Glasi haitapasuka, lakini seli chini yake zitapata nyufa huwezi kuona, na ampea zitaanza kushuka pole pole. Kabla ya kuunganisha na invata, saa sita ya jua safi, apime Isc ya kila paneli na azipange hizo namba kando ya siri namba. Mwaka ujao, mwezi ule ule, saa ile ile, paneli zikishaoshwa na maji ya asubuhi, pima tena. Yenye imeshuka sana kuliko wenzake, hiyo ndio unarudi nayo dukani, risiti mkononi.